Shimo la Ndizi Halifunuliwi

Jumamosi, 13 Desemba 2025

Watoto wamefika! Saa nne asubuhi. Laurensia, mke wangu, alikwenda kuwachukua Ihembe kwa bodaboda ya Polikarpi. Liliane, miaka mitano, kakaa katikati. Kamugisha, miaka mitatu na nusu, kapakatwa huku amelala fofofo. Wajukuu wangu. Wamekaa wiki nzima kwa babu yao mwingine, Mzee Mbonimpa, baba wa mke wa mwanangu. Sasa ni zamu yetu, Bugene.

Niandike jambo lenyewe wazi, nisije nikasingiziwa baadaye. Mwanangu Novatus na mkewe wanafanya kazi Mwanza. Watakuja Krismasi. Krismasi italiwa nyumba moja tu. Mwaka jana ililiwa Ihembe, kwa Mbonimpa. Nikasusa. Nikabaki hapa kulinda heshima yangu. Mezani sahani mbili, yangu na ya Laurensia, na pilau ya watu kumi. Niliumia sana. Laurensia hakunisemesha siku mbili.

Mwaka huu Novatus kaamua watoto wachague wenyewe. Tarehe 23 atapiga simu na kumuuliza Liliane Krismasi iwe kwa babu yupi. Atakalosema Liliane ndilo hilo.

Nina siku kumi. Mbonimpa alikuwa nazo saba. Nimeshashinda!

Ila kuna boksi. Watoto wamekuja na boksi la viatu, na ndani yake ng'ombe kumi na mmoja waliosokotwa kwa magome makavu ya mgomba. Nimemshika mmoja. Pembe ndefu, zimepinda zinavyopaswa kupinda. Mkia. Hata kiwele! Nikauliza nani fundi. Liliane akasema wao, na Sogokuru. Ndivyo wanavyomwita Mbonimpa, kwa Kirundi chake. Sogokuru! Mimi ni Babu tu, kama babu yeyote barabarani.

Kila ng'ombe kafungwa tumboni kwa fundo dogo, bapa, lisilo na mwanzo wala mwisho. Liliane ndiye anayeyafunga. Nimejaribu kulifungua moja nione siri yake. Kucha zikashindwa. Nikatumia meno. Liliane akanishika mkono kwa upole na kuniambia ng'ombe anaumia.

Miaka mitano! Vidole vyake ni vifupi kuliko maharage machanga. Nimestaajabu, na sikupenda.


Jumapili, 14 Desemba

Mpango wa kwanza: gari. Gari la shina la mgomba, la kupanda mtu. Ng'ombe wa boksini watanyamaza wenyewe.

Nilianza mara tu tulipotoka kanisani, sikutaka kupoteza muda wa kubadili nguo. Nikakata shina, nikachonga magurudumu manne kama sahani, nikapitisha mhimili wa mti wa kahawa. Nikaliweka juu ya mteremko. Fundi mwema hujaribu kazi yake kwanza. Nikapanda mimi.

Hatua sita. Nimezihesabu. Ya saba nilikuwa chini na gurudumu likaenda peke yake hadi kwa mbuzi.

Suruali yangu nyeupe ya kanisani imejaa utomvu wa mgomba. Nimezaliwa migombani. Nimelala chini ya migomba, nimelishwa na migomba, nimekata migomba miaka sitini na minne. Mtoto mchanga wa Karagwe anajua utomvu hautoki. Laurensia aliitazama suruali, akanitazama mimi, akaingia jikoni. Afadhali angesema.

Nilipotoka kujifuta nikakuta kimya. Kimya cha watoto ni habari mbaya. Nikakimbia. Walikuwa wameyachukua magurudumu yangu yaliyovunjika, wanayachovya kwenye tope jekundu na kuyagandamiza kwenye ukuta wa jiko. Nilifungua mdomo nikaripie. Mdomo ukabaki wazi.

Maua! Ukuta mzima maua. Ukikata shina la mgomba kwa upana, ndani mna mapindo yamekumbatiana, na kila pindo lina vyumba vidogo vidogo, mstari kwa mstari, kama sega la nyuki. Tope limeyachapa yote. Kamugisha kachapa moja chini kabisa, la upande, na hilo ndilo zuri kuliko yote.

Liliane akaniuliza nani anachora ndani ya mgomba wakati kumefungwa. Nikavua kofia. Sijui kwa nini nilivua kofia.

Laurensia kasema ukuta usifutwe. Amesimama pale muda mrefu, mikono kiunoni. Mimi nimeandika ushindi.


Jumatatu, 15 Desemba

Jana Liliane aliwaonyesha maua majirani na kusema kazi ile wamefanya "mimi na Kamugisha." Babu hakutajwa. Kwa hiyo ushindi wa jana nimeufuta.

Mpango wa pili, mkubwa! Tutavundika ndizi. Tutachimba shimo, tutazizika mbichi, zitaiva, kisha tutazikamua kwa nyasi tupate omuramba, juisi yetu ya ndizi. Watoto wa Mwanza wanaijua juisi ya pakiti tu. Siku sita. Shimo litafunguliwa Jumapili tarehe 21 mbele ya watoto wa majirani, Jumanne simu inapigwa. Utamu utakuwa bado mdomoni. Nimejipongeza kwa kichwa hiki.

Liliane aliniambia, kwa adabu, kwamba kwa Sogokuru nako wamezika mkungu, Ijumaa.

Sijaiga. Yeye ameiga mapema.

Kazi imekwenda vizuri mno. Nimechimba. Watoto wamebeba majani makavu, tukayachoma shimoni udongo upate joto. Tukatandika majani mabichi. Kamugisha alitaka na mto uwekwe. Mkungu wa embiire, zile za kukamulia, nikautenga chane tisa. Liliane akafunga kila chane kwa uzi wa mgomba, fundo lake lile lile. Nyuzi zangu zilikuwa fupi, akalalamika kidogo. Kisha akazipa majina. Nane zinaitwa Jenifa. Ya tisa ni Adela. Nikauliza kwa nini. Kasema ya tisa haifanani na Jenifa.

Nimeitazama. Kweli haifanani.

Tukafunika majani, tukarudishia udongo. Nikasimama kama mchungaji nikawafundisha: mvumilivu hula mbivu. Shimo halifunuliwi. Ukifunua, joto linatoka, ndizi zinakataa kuiva, na wala hazisamehe. Liliane aliweka mkono kinywani. Kamugisha alirudia, "Mfuvumilifu hula bifu," mara nyingi, hadi chakula cha jioni.

Wameketi kando ya shimo wakaziimbia ndizi zilale. Mke wangu kapita na ndoo, kacheka, kasema kwa watoto hana wasiwasi. Sijaelewa alimaanisha nini.


Jumanne, 16 Desemba

Nimechungulia. Kidogo tu, pembeni, watoto walipokuwa wanaoga. Huko si kufunua. Huko ni kukagua. Msimamizi asiyekagua ni msimamizi gani?

Bado mbichi. Nikafunika vizuri.

Mchana tumepika maandazi ya wanyama. Nilikanda mimi. Laurensia alisema hamira kijiko kimoja. Nikaona kijiko kimoja ni cha watu wasio na shabaha, nikatia vitatu. Tukafunika unga kwa kitambaa, tukauweka juani. Liliane alikaa mbele ya beseni, mikono magotini, hakuligusa. Nusu saa nzima! Mimi nilinyanyua kitambaa mara tano.

Kisha kitambaa kikaanza kupanda chenyewe. Kikavimba. Kikajaa kama tumbo la mama mjamzito. Kamugisha alirudi nyuma hatua mbili na kuniuliza kama ndani kuna mtu. Nimekula maandazi maisha yangu yote. Sijawahi kukaa nikaangalia unga ukiamka. Mungu ni mkubwa, na anafanya kazi hata ndani ya beseni.

Tukaumba twiga, kuku, kobe. Kwenye mafuta wote walivimba wakafanana. Twiga hana shingo. Kobe hana miguu. Watoto walishangilia kila alipotolewa mmoja na kukisia ni nani. Kamugisha akala nane. Liliane alimtengea Sogokuru mawili kwenye karatasi.

Nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Sogokuru naye hupika maandazi. Kasema hapana, Sogokuru hupika uji tu, kwenye chungu kidogo. Nikafurahi sana.


Jumatano, 17 Desemba

Nimekagua mara mbili. Asubuhi, kwa sababu mvua ilinyesha. Mchana, kwa sababu haikunyesha.


Ijumaa, 19 Desemba

Jana sikuandika kwa sababu ya mawazo. Nilikagua mara tatu.

Leo asubuhi nimefunua shimo lote. Nimeingiza mkono hadi begani. Baridi! Shimo ni baridi kama kisima. Ndizi ni kijani, ngumu, zinanitazama. Jenifa wote wanane. Na Adela.

Bado siku mbili. Watoto wa majirani wamealikwa. Liliane amewaambia ndizi za Babu zinalala na haziwezi kuamshwa. Kila jioni wanaziimbia. Leo waliimba nami nikaimba pia, nimesimama juu ya uongo wangu mwenyewe.

Nikampigia Polikarpi wa bodaboda. Nikamwagiza mkungu mmoja wa embiire zilizoiva vizuri, popote alipo mwenye nazo, Kayanga, Kituntu, hata Kyerwa huko. Uje kwenye gunia. Usionekane. Polikarpi akauliza kama ni dawa. Nikamwambia aulize kidogo na aendeshe sana.


Jumamosi, 20 Desemba

Gunia limefika mchana, watoto wamelala. Nimefungua. Zimeiva! Manjano tupu, harufu imejaa shamba lote, nyuki wamekuja kabla sijaita. Na, nikaona, nikapiga magoti: kila chane ina uzi. Kila uzi una fundo. Fundo lile lile!

Nikamuuliza Polikarpi kazitoa wapi. Kasema kwa Mzee Mbonimpa, Ihembe. Hakukuwa na mwingine mwenye mbivu. Mzee hakutaka kulipwa. Kasema kwa mkwe wake hauzi. Kanisalimia sana, na kauliza kama watoto wanakohoa.

Niliona aibu kwa dakika moja nzima. Kisha nikaona mkono wa Mungu. Nani mwingine Karagwe nzima angeniletea ndizi mbivu zenye mafundo ya Liliane? Hata malaika wangeona ni zilezile.

Nimezipanga shimoni. Nimefukia. Nimesawazisha udongo kwa kiganja. Zile za kijani nimezificha ghalani chini ya magunia ya kahawa.

Laurensia alinikuta nimejaa udongo. Kaniambia, "Baba Novatus, njia ya mwongo ni fupi." Nikamwambia yangu ni ndefu, inaanzia Ihembe.


Jumapili, 21 Desemba

Naandika nikiwa nyuma ya nyumba. Mbele siwezi kukaa.

Walikuja watoto kumi na wanne. Walikaa kwa mistari bila kuambiwa, kimya, macho kwenye udongo. Nikatoa hotuba. Nikafunua. Harufu ikapanda, na watoto wote kwa pamoja wakavuta pumzi, nikaisikia ile pumzi. Kumi na wanne wameshangaa kwa ajili yangu! Nilitaka saa isimame.

Liliane akashuka shimoni. Akainua chane ya kwanza, akatazama fundo. Akainua ya pili. Akakunja uso, si kwa hasira, kwa kufikiri. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Babu, mbona za Sogokuru zimekuja kulala hapa?"

Nikasema zote ni ndizi. Akanielewesha taratibu, maana aliona sielewi. Mafundo ya Ihembe yana masikio mawili, kwa sababu nyuzi za Sogokuru ni ndefu. Ya hapa hayana masikio, kwa sababu nyuzi za Babu zilikuwa fupi. Huyu si Jenifa. Huyu ni Benadeta. Hawa wote ni Benadeta.

Kisha: "Jenifa wako wapi? Na Adela?"

Nimewahi kusimama mbele ya mkutano wa chama cha kahawa na kuulizwa magunia yamekwenda wapi, nikajibu bila kupepesa. Leo sikuweza. Nikawapeleka ghalani. Nikaondoa magunia. Walikuwa pale, kijani, wamepoa. Liliane akazigusa moja moja. Akauliza kama nilizifunua. Nikasema nilikagua. Akauliza mara ngapi.

Kamugisha alisema, "Mfuvumilifu." Neno hilo tu, huku akinitazama.

Liliane hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, akayafuta kwa bega, akambeba Adela akaenda kukaa naye jikoni chini ya maua ya tope. Tangu hapo haniiti Babu. Ananiita "wewe." Laurensia aliwagawia wageni ndizi wakaenda nyumbani.

Nimeumia kuliko mwaka jana. Mwaka jana sikuwa na kosa. Au nilikuwa nalo? Sitaki kuandika hilo.


Jumatatu, 22 Desemba

Mbonimpa amekuja! Saa tatu asubuhi, koti la heshima, fimbo, na rundo la nyasi kichwani. Kumbe Laurensia alimpigia simu. Mke wangu mwenyewe!

Tukasalimiana kama wakwe. Hatujambo, nyumba hazijambo, mvua haijambo, ng'ombe hawajambo. Robo saa. Nilikuwa nikisubiri pigo. Hakupiga. Mkwe hamvui nguo mkwe mwenzake mbele ya watoto. Alikwenda kulitazama shimo, akainama, akagusa udongo, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba hata yeye, siku ile ile aliyozika, alishindwa kuvumilia, akalifunua la kwake.

Liliane akatokea mlangoni na Adela wake. "Hapana, Sogokuru. Hukufunua. Tulikuwa wote."

Mzee wa watu! Kasema uongo kwa ajili yangu na kakamatwa na hakimu yule yule. Tulitazamana, wazee wawili, wote tumeshikwa. Akakohoa. Nikakohoa.

Basi tukafanya kazi. Za kijani tutazivundika upya kesho, kwa shimo lililochomwa vizuri. Za Ihembe tumekamua leo. Sote kwenye beseni kubwa, mikono imeoshwa hadi viwiko, Laurensia kakagua kucha. Tukamenya. Tukachanganya na nyasi. Tukaanza.

Niandike hili polepole.

Unaponda na nyasi. Unakanda. Unapata uji mzito, mkavu, wa kunata. Hakuna juisi. Unakanda tena. Hakuna. Mimi nilishasema tuongeze maji, ndizi hizi hazina kitu. Mbonimpa akatikisa kichwa, akaendelea, bila haraka. Liliane kakanda akiuma ulimi. Kamugisha alikanda kwa kidole kimoja. Jasho likanitoka. Hakuna.

Halafu ghafla, bila kuaga, ikaja. Ule ukavu ukalegea mikononi mwetu wote kwa mara moja. Chini ya vidole vyangu kulikuwa na uji mzito, sekunde ile ile kukawa na maji! Yanatiririka, ya dhahabu, yana povu, yanapanda hadi vifundoni mwa mikono. Watoto wakapiga yowe. Nadhani na mimi. Kamugisha aliuliza kama zimekojoa.

Nimeiona juisi ya ndizi maelfu ya mara. Nimeinywa kwenye harusi na kwenye matanga. Lakini huwa naikuta kwenye kibuyu. Sijawahi kuwa na subira ya kuwapo inapozaliwa. Ilikuwa wapi dakika moja kabla? Nyasi ni kavu. Ndizi ni kavu. Nilimuuliza Mbonimpa. Akasema hata yeye hajui, ana miaka sabini, na kila mara anaogopa kwamba safari hii haitakuja.

Tukaichuja, tukainywa kwa vikombe vya bati. Tamu hadi masikioni. Liliane akanywa, akanitazama juu ya kikombe, akaniwekea unyasi uliobaki kwenye kiganja changu. Kisha akasema, "Babu, una povu kwenye ndevu."

Babu! Nimelia wazi wazi na kusingizia povu.


Jumanne, 23 Desemba

Asubuhi tumevundika Jenifa na Adela upya. Safari hii Mbonimpa alichoma shimo, kwa maana alilala hapa kwetu. Liliane hakuridhika na udongo peke yake. Akavuta kamba ndefu ya mgomba juu ya shimo, toka kigingi hadi kigingi, akaifunga katikati kwa fundo. Lenye masikio mawili. Kasema litafunguliwa Jumapili tarehe 28, na yeye.

Simu saa nane mchana. Novatus. Laurensia akaweka sauti kubwa. Nikakaa. Nikasimama. Mbonimpa alitoka nje kwenda kutazama mbuzi, eti. Novatus akauliza: Krismasi kwa babu yupi?

Liliane hakufikiri hata kidogo. Ihembe.

Moyo ulishuka hadi kwenye kandambili. Sahani mbili. Nikaziona mezani. Novatus akamuuliza kwa nini, na mtoto akajibu kama anayehesabu vijiti vya darasani: "Hapa wapo wawili. Sogokuru yuko mmoja."

Mmoja. Chungu kidogo cha uji. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, nilikwenda kuzika, nikabeba hata jeneza, na haikunijia hata siku moja kwamba tangu hapo anakula peke yake. Mwaka jana nilisusa Krismasi ya mtu mwenye sahani moja. Mtoto wa miaka mitano kaligundua kwa kuhesabu. Nilimtazama nikaogopa, kwa jinsi unavyoogopa ukiwa kanisani.

Kisha Liliane akaongeza kwamba Bibi na Babu watakuja wote, asisuse mtu, na kwamba Babu atarudi mapema kulinda shimo. Akanishika kidole. "Wewe ndiye mlinzi."

Mlinzi! Baada ya yote! Nimeapa mbele ya Kamugisha. Sitafunua. Sitakagua. Sitachungulia. Kamugisha kanifanya nirudie methali, kwa matamshi yake.

Mbonimpa aliporudi kutoka kwa mbuzi nilimwambia tunakuja. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, hakuuachia, wala sikuuvuta.


Ijumaa, 26 Desemba

Krismasi ya Ihembe! Meza ilijaa hadi wengine tukalia sahani magotini. Novatus kanenepa. Mbonimpa aliniweka kiti cha mgeni, kwenye mto, na kipande cha kwanza cha nyama kikaja kwangu. Liliane na Kamugisha walimgawia kila mgeni ng'ombe mmoja wa magome, zawadi. Mimi nimepata yule niliyemng'ata. Alama ya meno bado ipo.

Nilipokuwa naondoka Liliane alikuja hadi kwenye bodaboda, akaniambia sikioni kwamba Adela anaogopa giza, nimsemeshe kidogo, lakini nisifunue. Sijawahi kuaminiwa hivi. Hata chama cha kahawa hakikuniamini hivi. Nilirudi Bugene nimekaa wima kama askari, Laurensia nyuma yangu.

Nimekuwa mtu mpya. Nimejifunza subira. Naandika hili kwa utulivu mkubwa, nimekaa kando ya shimo, saa kumi jioni, jua zuri. Udongo umetulia. Kamba imetulia. Fundo la Liliane lipo katikati, masikio mawili.

Niongeze jambo dogo.

Mnamo saa tisa nilimsemesha Adela, kama nilivyoagizwa. Hakuitika. Ukimsemesha mtu asiitike, mlinzi mwema anafanya nini? Nikaondoa udongo kidogo. Pembeni tu. Kamba ikawa inazuia mkono, nikailegeza. Joto! Joto la ajabu lilinipiga usoni, na harufu tamu, na huko chini, kwenye ncha ya Adela, nikaona manjano. Manjano ya kwanza! Nilipiga magoti kwa furaha. Subira yavuta heri.

Nikafunika haraka. Joto lililotoka ni dogo sana, halihesabiki.

Tatizo ni fundo. Nimelifunga mara kumi na moja. Lina sikio moja. Mara ya tisa lilikuwa na matatu. Laurensia amekuja, ametazama, amerudi ndani, nasikia anacheka peke yake au analia. Jumapili wanakuja wote, na Mbonimpa.

Nitasema ni kuku.

Kesho nitaanza kuwafundisha kuku.